Vinundu vya insulini tumboni: mnapangaje zamu ya sehemu za kudunga?

MhudumuNyalenda (Kisumu) aliuliza:

Hamjambo wadau. Kuna mzee wa miaka 61 ninayemtembelea huku Nyalenda. Ana sukari aina ya pili, anatumia insulini ya chupa ya mchanganyiko wa 30/70 (asilimia 30 ya haraka, 70 ya polepole): uniti 24 asubuhi, uniti 14 jioni. Sirinji ni za U-100 (uniti 100 kwa kila ml), ml 1, sindano ya milimita 8. Asubuhi hujidunga mwenyewe. Jioni mkewe ndiye humdunga kwa sababu macho ya mzee hayaoni vizuri taa ikishawashwa.

Tumboni ana vinundu viwili. Cha kushoto kiko chini ya kitovu, upana wa vidole vitatu. Cha kulia ni kidogo, karibu usawa huohuo. Haviumi, havina joto wala wekundu. Shida ni kwamba mzee amevizoea: sindano ikiingia hapo hahisi chochote, kwa hiyo ndiko hurudi kila siku. Aliambiwa "badilisha mahali", na kusema kweli anabadilisha: asubuhi kinundu cha kushoto, jioni cha kulia.

Daftari lake la sukari halieleweki. Asubuhi moja kabla ya chai ni 5.2 (mmol/l), kesho yake 16.8, na usiku uliotangulia alikula ugali na omena kiasi kilekile. Mara mbili ametetemeka na kutoa jasho saa za mchana bila kuruka mlo.

Nataka kujua: zamu nzuri ya kudunga inapangwaje kwa mtu wa chupa na sirinji, dozi mbili kwa siku? Na akiacha vinundu ghafla, dozi ibaki ileile?

---

SistaWaSukari (Nakuru):

Mhudumu, hongera kwa kushika tumbo la mgonjwa. Wengi huishia kwenye daftari. Lakini kabla ya zamu, jua kwanza ngozi ipi bado ni nzima, na macho peke yake hayatoshi. Vinundu vingine havionekani kabisa, ni vidole tu vinavyovipata.

Mlaze mzee chali, tumbo wazi kuanzia mbavu hadi kinena. Dirisha au tochi iwe upande wake ili mwanga uje kwa mshazari, hapo hata uvimbe mdogo hutoa kivuli. Kisha asimame uangalie tena, maana kuna vinavyojificha mtu akilala. Baada ya hapo lowesha vidole kwa maji ya sabuni au losheni viteleze. Anza mbali na kinundu, kwenye ngozi laini, papasa kwa miduara midogo ukikikaribia. Utafika mahali vidole vinakutana na kitu kizito kinachorudi ukikibonyeza, kama mpira. Huo ndio ukingo. Tia nukta ya kalamu, rudi nyuma, kikaribie tena kutoka upande mwingine. Nukta sita au nane zitakuchorea umbo lote, na mara nyingi utakuta ni kubwa kuliko ulivyodhani kwa macho. Malizia kwa kufinya: ngozi nzima hukunjika nyembamba kati ya kidole gumba na cha shahada, lakini ya kinundu hukataa kukunjika, unajikuta umeshika donge nene.

Pima kwa tepu ya fundi cherehani, andika kwenye kadi yake urefu, upana na tarehe. Bila hivyo, baada ya miezi mitatu mtabishana kama kimepungua au la. Kagua mapaja pia, hata akikuapia hajawahi kudunga huko. Halafu mshike mzee mkono, apapase mwenyewe ngozi nzima na kinundu, moja baada ya nyingine. Mkewe vilevile, kwa sababu dozi ya jioni iko mikononi mwake.

Kuhusu chanzo: insulini yenyewe hukuza mafuta. Ikimwagwa pale pale kila siku, seli za mafuta za mahali hapo hunenepa, na sindano nayo inajeruhi palepale tena na tena hadi nyuzi za kovu zinaingia. Kinachobaki kina mishipa michache ya damu na hisia kidogo, ndiyo maana haumii. Insulini ikiingia humo inakaa kama iliyofungiwa. Leo inatoka polepole na pungufu, kesho inatoka kwa wingi saa ambazo hazikutarajiwa. Hiyo 5.2 na 16.8 kwa ugali uleule si ajabu hata kidogo, na mitetemo ya mchana pia inaingia hapo. Utafiti mmoja wa Hispania uliochapishwa 2013 ulikagua watu 430 wanaodunga insulini. Karibu theluthi mbili walikuwa na vinundu, na kati ya hao asilimia 39 walikuwa wakishukwa na sukari bila sababu ya kueleweka. Kwa wasio na vinundu ilikuwa asilimia 6.

Sasa zamu. Kuhama kutoka kushoto kwenda kulia si zamu ikiwa kila upande una shimo moja tu linalorudiwa. Zamu ni kutembea ndani ya eneo, na kila sindano iwe angalau sentimita moja kutoka ya jana. Mimi hufundisha upana wa kidole kizima, kwa sababu hakuna anayebeba rula akienda kudunga. Doa likishatumika lipumzike wiki nne.

Kwa mchanganyiko wa 30/70, asubuhi tumia tumbo, jioni paja. Hapo usibadilishe-badilishe. Insulini za kawaida za binadamu huingia kwenye damu haraka zaidi kutoka tumboni, na polepole zaidi kutoka pajani na makalioni. Asubuhi unataka ile sehemu ya haraka iwahi chai, ndiyo maana tumbo, na dunga nusu saa kabla ya kula. Jioni unataka ile ya polepole isimwangushe usiku wa manane, ndiyo maana paja. Mtu akidunga tumbo leo jioni na paja kesho jioni, anajitengenezea kupanda na kushuka kwingine hata kama ngozi yake ni nzima.

Mipaka ya tumbo: kidole kimoja chini ya mbavu, kidole kimoja juu ya mfupa wa kinena, vidole viwili kutoka kitovuni, kisha nenda pembeni hadi ubavuni. Kwa kawaida tumbo hugawanywa robo nne, robo moja kwa wiki. Kwa mzee huyu robo mbili za chini zimefungwa kwa sasa, kwa hiyo asubuhi ningempangia hivi: wiki ya kwanza juu kulia, ya pili juu kushoto, ya tatu ubavuni kulia, ya nne ubavuni kushoto. Ndani ya wiki, Jumatatu aanze kona iliyo karibu na katikati ya tumbo, kila siku asogee kidole kimoja kuelekea nje. Nne kwa mstari wa juu, tatu kwa mstari wa chini, wiki imeisha.

Paja ni theluthi ya juu, mbele na upande wa nje. Weka kiganja chini ya kinena, hapo usiguse, na upande wa ndani wa paja usiguse kabisa. Wiki ya kwanza paja la kulia mbele, ya pili kushoto mbele, ya tatu kulia nje, ya nne kushoto nje. Hesabu inaenda sambamba na ya tumbo, kwa hiyo wiki ni ileile kwa dozi zote mbili.

Dozi isibaki ileile. Awaone watu wa kliniki KABLA ya kuhama, si baada. Namwachia daktari wetu KlinikoBungoma aieleze.

---

DawaKondele:

Sista ameshamaliza ya ngozi. Niongeze ya vifaa, kwa sababu huku dukani naona zamu nzuri ikiharibiwa na sirinji.

Milimita 8 ni ndefu kuliko watu wanavyofikiria. Ngozi yenyewe, kwa mnene na kwa mwembamba, ina takriban milimita 2, baada ya hapo ni mafuta, kisha msuli. Kwenye paja la mzee mkonda, sindano hiyo ikiingizwa wima bila kufinya ngozi inaweza kufika kwenye msuli. Insulini ya msulini hukimbia, na sukari inashuka usiku. Kwa hiyo pajani afinye mkunjo kwa kidole gumba na vidole viwili tu (akishika kwa mkono mzima ananyanyua na msuli), aingize sindano kwa mshazari wa nyuzi 45, asukume polepole, atoe sindano, ndipo aachie mkunjo. Tumboni kwenye mafuta ya kutosha anaweza kuingiza wima, lakini bado afinye. Akibahatika kupata sirinji za milimita 6, achukue hizo. Zile fupi za milimita 4 ni za kalamu ya insulini, haziingii kwenye sirinji.

Kurudia sirinji: iliandikwa itumike mara moja, na sababu ipo. Ncha hujipinda kidogo kila inapotoboa kizibo cha mpira na ngozi, na silikoni inayoifanya iteleze inaisha. Ndiyo maana mara ya tatu inauma kuliko ya kwanza, na mtu akiumia anarudi kwenye kinundu kisichouma! Utafiti huohuo alioutaja Sista uliona vinundu vimezidi kwa waliorudia sindano moja zaidi ya mara tano. Najua bei, najua pia kuna anayepewa sirinji kumi za mwezi mzima. Asiyeweza kutumia moja kila mara basi ajue mambo haya: ni yake peke yake, mkewe akiwa na sukari asiiguse, afunike mara tu baada ya kudunga, asiifute kwa spiriti wala asiichemshe, na ikianza kuuma au ikigusa kitu kingine chochote, itupwe. Hilo halifanyi kurudia kuwa salama, linapunguza ubaya tu.

Chupa ya insulini yenye mawingu, kama hii ya 30/70, lazima ichanganywe. Iviringishe kati ya viganja mara 10, kisha ipindue juu chini mara 10, taratibu, hadi iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Usiitikise, povu litakupunja dozi. Isipochanganyika, leo mtu anavuta zaidi ya ile ya haraka, kesho ile ya polepole, halafu lawama inaangukia ugali. Vipande vikiganda kwenye kuta za chupa baada ya kuchanganya, hiyo imeharibika.

Insulini iliyotoka kwenye friji moja kwa moja inauma. Itoe mapema ipate joto la chumba. Chupa iliyofunguliwa haihitaji friji kama nyumba haina joto kali, ila Kisumu chini ya mabati mchana ni habari nyingine. Asiye na friji aiweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya kikubwa, mchanga wenye maji katikati, kivulini penye upepo. Wiki nne baada ya kufunguliwa itupwe, labda karatasi ya kwenye pakiti iseme vingine. Andika tarehe ya kufungua juu ya chupa.

Jambo moja dogo linalosahaulika. Sirinji ya ml 1 kila mstari wake ni uniti 2. Daktari akisema "shusha hadi 19", 19 haina mstari hapo. Ama akubali 18 au 20, ama mzee anunue sirinji ya ml 0.5. Hiyo inabeba hadi uniti 50 na kila mstari ni uniti 1, tena inasomeka vizuri zaidi kwa macho yaliyochoka.

---

KlinikoBungoma:

Ya dozi. Insulini iliyokuwa ikikwama kwenye kinundu itaanza kuingia yote. Dozi ya 24 ilipandishwa pole pole na mtu aliyekuwa anaangalia sukari ya juu bila kushika tumbo, kwa hiyo sehemu ya hizo 24 hazikuwa zinafanya kazi. Ukihama nazo zote kwenda ngozi nzima, unaongeza dawa bila kujua.

Kawaida tunashusha asilimia 10 hadi 20 siku ya kuhama, na kuna watu hushuka zaidi baadaye. Kwa 24 hiyo ni kati ya 19 na 22. Kwa 14 ni 11 hadi 13. Kwa mzee ambaye tayari ametetemeka mara mbili mchana ningeegemea upande wa chini. Lakini hizo ni namba za kumsaidia mhudumu kuelewa, si za kumwandikia mgonjwa. Anayebadilisha dozi ni kliniki yake, wenye faili na vipimo vya figo. Figo zikiwa zimechoka hesabu ni nyingine kabisa.

Wiki mbili za kwanza apime kabla ya chai, kabla ya chakula cha mchana, kabla ya chakula cha jioni na kabla ya kulala. Vijiti vya kupimia sukari vikiwa vichache, asiache kabla ya chai na kabla ya chakula cha jioni. Ile ya polepole iliyodungwa jioni huonekana kwenye kipimo cha asubuhi, na ile ya asubuhi huonekana kwenye kipimo cha kabla ya chakula cha jioni, kwa hiyo vipimo viwili hivyo vinakuambia dozi ipi ya kugusa. Usiku mmoja au miwili apime saa tisa usiku. Chini ya 4 popote pale: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida nusu glasi, apime tena baada ya dakika 15, arudie kama bado iko chini, kisha ale kitu. Akiwa hajitambui, msimmiminie chochote mdomoni. Ni gari na hospitali.

Ninapotofautiana na Sista: mimi singehamisha dozi zote mbili siku moja. Ningeanza na ya asubuhi, ili akishuka ashuke mchana watu wako macho, halafu wiki ya pili ndiyo ya jioni iende pajani.

Na mhudumu, si kila kinundu ni mafuta. Chekundu, chenye moto, kinachouma au chenye usaha ni jipu, huyo apelekwe leo. Kuna kingine kigumu zaidi, chenye protini ya insulini yenyewe iliyojikusanya, ambacho hakipungui hata kikiachwa miezi mingi. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari juu yake kwa insulini za aina zote, na ushauri wake haukutofautiana na huu wetu: zungusha sehemu, usidunge kwenye donge, pima zaidi ukihama. Kisichonywea kikaguliwe na daktari.

---

SistaWaSukari:

Daktari, hoja yako naielewa, ila ya jioni ikibaki kwenye kinundu wiki nzima, usiku wake unaendelea kuwa wa kubahatisha, na ndio usiku huohuo unaouogopa. Afadhali zihame zote mbili zikiwa zimeshushwa, pajani ambako huingia polepole, na mkewe apime saa tisa usiku siku tatu za mwanzo. Hata hivyo kama hakuna vijiti vya kupima usiku, basi njia yako ndiyo salama. Kliniki iamue kwa kuangalia mashine na vijiti alivyonavyo.

---

MamaT1Kakamega:

Naomba niongeze kwa wenye watoto, na kwa huyo mzee asiyeona vizuri pia.

Zamu ya kichwani haidumu wiki mbili. Mtu husahau jana alikuwa wapi, anarudi penye mazoea. Kata kadibodi ya pakiti ya unga, ukubwa wa kiganja, toboa kwa msumari matundu saba yenye nafasi ya kidole kati yao, manne juu na matatu chini. Andika siku, J3 (Jumatatu), J4 (Jumanne) hadi J2 (Jumapili), pembeni mwa kila tundu. Ukingo mmoja wa kadibodi uwe wa kulazwa kwenye alama isiyohama: ubavu wa mwisho kwa robo za juu, mfupa wa nyonga kwa ubavuni. Weka kadibodi, tia nukta ya kalamu kwenye tundu la leo, ondoa kadibodi, osha kwa sabuni na maji, kausha, dunga kando kidogo ya wino. Usidunge kupitia tunduni, kadibodi si safi na huwezi kufinya ngozi. Ukiwa na kadibodi hiyo hata shangazi aliyekuja kwa wikendi anaweza kudunga bila kuuliza jana ilikuwa wapi.

Ukutani bandika karatasi ya wiki nne yenye mchoro wa mwili, miraba minne tumboni na minne mapajani. Ikishadungwa, mraba unawekwa alama hapohapo, si jioni.

Kwa mtoto mwembamba tumbo lake dogo linaisha haraka. Makalio, pembe ya juu ya nje, yana mafuta hata kwa mtoto mkonda na yanafaa sana kwa ile ya jioni. Nyuma ya mkono, katikati ya bega na kiwiko, ni sawa mtu mwingine akimdunga. Mwenyewe hawezi kufinya ngozi na kudunga kwa mkono mmoja, atafika msulini. Anayedunga mara nne kwa siku hiyo robo ya wiki moja haimtoshi. Anahitaji maeneo zaidi, si nukta zilizobanana. Na mtoto akikataa sehemu mpya kwa sababu inauma, ukweli ni kwamba inauma kweli kuliko kinundu. Sindano mpya na insulini isiyo baridi husaidia kuliko kumbembeleza.

---

MhudumuNyalenda:

Asanteni sana. Sista, jana nimepapasa kama ulivyoeleza, cha kushoto ni sentimita 7 kwa 5. Kwa macho nilidhani ni 4. Na kuna cha tatu, kidogo, juu kidogo ya cha kulia, hakuna aliyejua kipo. Mzee ana miadi ya kliniki Jumanne, amekubali kutohama hadi waangalie dozi.

Yamebaki matatu. Mkewe humkanda vinundu kwa kitambaa cha maji moto ili viyeyuke. Mzee pia huendesha baiskeli hadi ufuo wa Dunga asubuhi kuchukua samaki. Paja halitaleta shida? Na vikinywea, anaweza kurudi hapo?

---

SistaWaSukari:

Mama aache kukanda. Joto na kusugua huongeza damu mahali hapo, na kama kuna insulini iliyodungwa muda si mrefu inaingia ghafla. Kuoga maji moto sana dakika chache baada ya kudunga ni vilevile. Hakuna cha kukiyeyusha kinundu isipokuwa kukiacha. Vingine hulainika ndani ya wiki kadhaa, kikubwa kama hicho cha kushoto tarajia miezi. Pima kwa tepu kila mwezi, uandike kwenye kadi ileile.

Baiskeli: paja linalofanya kazi hufyonza haraka. Ya asubuhi iko tumboni, kwa hiyo mpango haubadiliki. Ila safari yenyewe inatumia sukari, apime kabla ya kuondoka na abebe sukari mfukoni, hasa wiki hizi za kuhama. Akiwa na mzunguko wa jioni wa baiskeli, basi siku hiyo makalio badala ya paja, mkewe atamdunga.

Hicho cha tatu kikiwa kimeingia robo ya juu kulia, wiki ya kwanza aanzie vidole viwili kutoka ukingo wake. Nukta saba zikikosa nafasi, tumieni tano za hapo na mbili za ubavuni.

Kurudi: ndiyo, ngozi ikishakunjika nyembamba kwa vidole kama jirani yake, na isiwe kwa kuangalia tu. Irudi kama robo ya kawaida kwenye zamu, wiki moja kati ya nyingi.

---

KlinikoBungoma:

Jumanne abebe daftari, mashine ya kupimia, sirinji anazotumia na chupa yenyewe. Mwandikie kwenye karatasi vile vipimo vya tepu na eneo la vinundu vyote vitatu, na umwombe mkewe aende naye. Wakimshusha dozi, waandike namba mpya kwenye kadi kwa kila wakati wa kudunga, asubuhi na jioni, na waoneshe kwenye sirinji yake mwenyewe ni mstari upi.

---

DawaKondele:

Na sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kufunga, kama ya jiki, isijae kupita robo tatu, irudishwe kituo cha afya. Zisiende chooni wala kwenye jaa la takataka. Watoto wa Nyalenda wanacheza humo.